Thalathini na Nane kwa Arubaini

Mwanakheir alikuwa mtu wa kushuku, na hakuona haya kwa hilo. Akinunua samaki humfunua mashavu mpaka muuzaji anune. Jirani akimletea sahani ya futari, huiangalia kwanza ndipo aseme ahsante. Kwa hiyo Jumatano ile, baada ya sala ya alasiri, alipoukuta mkoba wa mwanawe umeachwa wazi kitandani na karatasi imechomoza, hakusita. Tahiya alikuwa anaoga. Mwanakheir akaivuta karatasi, akasogea nayo dirishani.

Ilikuwa fomu ya chuo. Tahiya, binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa, alikuwa na wiki mbili tu tangu aanze mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kimoja cha hapo hapo Unguja. Fomu ilimtaka mwanafunzi, baada ya wiki hizo mbili za kuonja vipindi, achague somo lake la kwanza la hisabati, na visanduku vilikuwa viwili. Cha juu kimeandikwa Hisabati ya Kwanza. Cha chini kimeandikwa Hisabati ya Maandalizi, na pembeni yake kwa herufi ndogo: kwa waliopata chini ya alama ishirini katika jaribio la kuingilia, huongeza muhula mmoja wa masomo. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, zimeandikwa alama za Tahiya: thalathini na nane kwa arubaini. Na Tahiya alikuwa ametia alama yake katika kisanduku cha chini.

Mwanakheir akasoma tena, huenda macho yanamchezea. Hayakumchezea. Chini ya karatasi palikuwa na nafasi ya saini ya mzazi, tupu, na maneno kwamba fomu zinapokewa mwisho Ijumaa saa tano asubuhi.

"Tahiya!"

"Naam, Mama!"

"Njoo hapa."

Tahiya akaja na khanga mabegani, maji yanamdondoka masikioni. Alipoiona karatasi mkononi mwa mama yake akasimama mlangoni.

"Nini hii?"

"Fomu."

"Naona kama fomu, mie si kipofu. Nakuuliza hii alama hapa chini kaitia nani?"

"Mie."

"Kwa nini?"

"Ndilo linalonifaa, Mama."

"Linakufaaje? Umepata thalathini na nane! Hapa wameandika chini ya ishirini. Weye na chini ya ishirini mmejuana wapi?"

"Inaruhusiwa. Mwalimu akikubali na mzazi akitia saini, mwanafunzi anaweza kuchagua."

"Nani kakwambia uchague hivyo?"

"Hakuna."

"Hakuna. Na huyo Hakuna ni mtoto wa nani?"

Tahiya alitazama chini, akawa anakamua ncha ya khanga ilhali haikuwa na maji. Mwanakheir akaikunja ile fomu mara nne, akaitia kifuani mwake. Kuna jambo hapa, akajisema, na wallahi nitalijua kabla ya hiyo Ijumaa yao.

Msomaji asimlaumu upesi. Mtaa mzima wa Miembeni ulikuwa ukikijua kichwa cha Tahiya. Alimaliza kuhifadhi Msahafu ana miaka kumi na minne, akasimamishwa katika mashindano mbele ya wageni, akasoma asikwame hata pahala pamoja. Skuli, kidato cha sita, hisabati alipata A. Shangazi yake Bashira, dada wa baba yake, aliyeolewa Maskati, alijitolea mwenyewe kumlipia ada mpaka amalize, na huko Maskati hakuna harusi wala msiba ambao Bashira hakupata nafasi ya kusema habari za "injinia wetu." Mtoto wa namna hiyo anakwenda kujiandikisha na waliofeli? Kwa hiari yake? Hata asiyeshuku angeshuku.

Mumewe, Shaame, alirudi kabla ya magharibi. Alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa Tumbatu kwa asili, maneno yake machache na yote kayapima. Mwanakheir alimwekea chai, akamfunulia fomu juu ya meza. Shaame akaisoma polepole, mikono imejaa mafuta, akishika pembe tu ya karatasi.

"Wanatafuta ada hawa," akasema mwisho.

"Nani?"

"Chuo. Friji likija kwangu limekatika waya, kuna mafundi hapa mjini watakwambia mashine yote imekufa. Na hawa ndio hao hao. Wanamwambia mtoto hujui, rudi nyuma, ili muhula mmoja uzidi, na ada yake izidi."

"Baba Tahiya, alama kaitia mwenyewe. Hajatiliwa."

"Basi kuna aliyemtisha akaitia."

Hilo likamwingia Mwanakheir. Aliyemtisha nani? Tahiya akaitwa, akaulizwa, akasema hakutishwa. Akaulizwa kama mwalimu wa Hisabati ya Kwanza ana tabia mbaya, akasema ni mzee wa watu, hamtazami hata mtu usoni. Akaulizwa kama ada itapanda. Hapo akatahayari, akasema ndiyo, muhula mmoja utazidi. Shaame akamtazama mkewe kwa jicho la nilikwambia, akachukua simu kwenda kuzungumza na dada yake, maana Shaame mnyamavu kwa watu wote lakini kwa Bashira hana siri.

Jawabu la Bashira lilikuja kwa ujumbe wa sauti, nalo halikuja kwa Shaame, lilikuja kwa Mwanakheir. Alilisikiliza jikoni, simu kaibana sikioni.

"Wifi yangu, nimesikia habari sizifahamu. Mie nimemlipia mtoto aliyepata A. Sikumlipia mtoto wa kurudishwa nyuma na waliofeli. Au kuna kitu mnanificha? Kuna kitu mnanificha nyie, na mtoto huyo mnamjua. Basi sikiliza. Akiingia darasa la wenzake, mie nipo mpaka mwisho. Akiingia hilo jengine, mtajijua wenyewe. Nshasema na watu huku, Mwanakheir. Usinitie aibu."

Mwanakheir akalisikiliza mara ya pili. Kilichomkera hasa ni lile neno "mnanificha." Yeye anafichwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, halafu anaambiwa ndiye mfichaji!

Asubuhi ya Alkhamisi jirani yake Kazija alikuja kuazima kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Kazija hakuwa mtu wa kuazima kitu akaondoka. Huazima, akakaa, akazungumza, na pengine akakisahau kile alichokuja kuazima.

"Mwenzangu," akasema, "nashukuru sana kwa Nadir wangu. Kapata kumi na moja kwenye lile jaribio, kapangwa hayo Maandalizi, nkawa namuonea huruma. Lakini kanambia Tahiya naye kaomba kuingia huko huko. Nkasema alhamdulillahi, atapata mtu wa kumsaidia."

Mwanakheir alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Nadir kajuaje?"

"Si Tahiya mwenyewe kamwambia! Wanarudi pamoja kutoka chuo, hujui?"

Hakujua. Alimpa Kazija kibao cha mbuzi, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwombea kheri na Nadir wake, na uso wake ulikuwa mzuri wakati wote huo. Alipofunga mlango ulibadilika. Ehee! Kumbe Hakuna ana jina. Kumbe Hakuna anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Mtoto anayatupa masomo, anautupa moyo wa shangazi yake, ili akae dawati moja na kijana wa Kazija aliyepata kumi na moja!

Tahiya aliporudi mchana, baibui halijavuliwa, alikuta mama yake kakaa ukumbini anamngoja.

"Ni Nadir?"

"Nadir nini?"

"Usinifanye mtoto, Tahiya. Unarudi naye. Unamwambia mambo ambayo mie mama yako nnayachomoa mkobani."

Tahiya akamtazama, kisha akacheka. Hakuwa amecheka nyumbani kwa wiki nzima.

"Mama, Nadir? Nadir akivua viatu darasani watu wanafungua madirisha. Aliniuliza tu nitachagua lipi, nkamwambia. Yeye hanishangai, ndiyo maana nkamwambia."

"Na mie nakushangaa?"

"Nyie nyote."

Kicheko kile kilikuwa cha kweli, Mwanakheir alikisikia kuwa ni cha kweli, na badala ya kutulia ndiyo akazidi kuingiwa na wasiwasi. Maana kama si chuo, na si mwalimu, na si Nadir, imebaki nini?

Mwanakheir alishona kofia kwa mkono tangu hajaolewa. Siku hizo alikuwa na oda ya duka moja la Mkunazini, kofia ya bwana harusi wa Mangapwani, na duka lilitaka maua yale yale aliyoyashona mwaka jana. Taabu ni kwamba kofia ya mwaka jana ilikuwa ya inchi ishirini na moja, ina maua kumi na mawili yanayoshikana mikono kuuzunguka ukanda wake wote. Bwana harusi wa Mangapwani, Mungu ambariki, kichwa chake ni inchi ishirini na tatu.

Hesabu hiyo alikuwa keshaifanya tangu asubuhi. Lakini akaamua kumtega mwanawe. Hakujua anatega nini. Alijua tu kuna mlango umefungwa na yeye anajaribu funguo.

"Tahiya, hebu nisaidie kidogo, macho yameniuma. Hii ya inchi ishirini na moja ina maua kumi na mawili. Nataka kofia ya ishirini na tatu, ua liwe la ukubwa ule ule. Nitie maua mangapi, na kitabaki kiasi gani?"

Tahiya akachukua daftari na kalamu, akakaa chini. Akaitazama kofia. Akaandika kichwa cha habari, akakipigia mstari. Halafu akainua kichwa.

"Hii mada gani, Mama?"

"Mada?"

"Swali la aina gani? Likiwa la duara lina kanuni yake. Likiwa la uwiano lina kanuni nyengine. Nambie mada, nianze."

"Mada ya kichwa cha bwana harusi!" akasema Mwanakheir, akitaraji wote wawili watacheka.

Tahiya hakucheka. Akainama akaanza kuandika. Aliandika upesi na kwa hati nzuri, mstari chini ya mstari, herufi za kigeni na alama ambazo Mwanakheir alizijua kwa sura tu. Ukurasa ukajaa. Akageuza wa pili. Jasho likamtoka puani. Mwanakheir, sindano mkononi, alikuwa akimtazama huku akingoja namba itoke, namba moja tu, kumi na tatu, na namba haikutoka. Palikuwa na ukurasa na nusu wa maandishi mazuri na hapana ua hata moja.

"Wacha," akasema mwisho, kwa sauti ndogo.

"Ngoja, nimesahau mstari mmoja tu."

"Wacha, mwanangu. Tazama." Akaichukua kofia ya zamani, akapima kwa kidole. "Maua manne inchi saba. Manane kumi na nne. Kumi na mawili ishirini na moja. Ua moja basi ni inchi na robo tatu. Ongeza moja, ishirini na mbili na robo tatu. Maua kumi na matatu, imebaki robo inchi, naigawa kidogo kidogo kati yao, hapana jicho litakaloiona."

Mwanakheir aliachia darasa la saba. Tahiya alikuwa na A ya kidato cha sita. Wakatazamana juu ya kofia.

"Haya," akasema Tahiya. "Sasa umejua."

"Nimejua nini?"

"Mie hesabu sizijui, Mama. Nimezihifadhi." Akalifunga daftari. "Lile jaribio lilikuwa na maswali arubaini. Thalathini na nane yalikuwa yametoka kwenye mapepa ya mitihani ya zamani, na namba zake vile vile, hawakubadilisha. Mawili waliyatunga wao. Hayo mawili sikuandika hata herufi moja. Hisabati ya Kwanza wanatunga kila siku. Siku ya mwanzo yule mzee kaandika swali ubaoni kauliza nani ataanza. Darasa zima likanigeukia mie, kwa sababu ya thalathini na nane. Nkasema naumwa na tumbo. Siku ya pili nkaumwa na tumbo. Wiki mbili hizi naumwa na tumbo. Ukifeli somo lile mara mbili unadisko, unarudishwa nyumbani moja kwa moja."

"Kwa nini hukunambia?" Mwanakheir alipandisha sauti, na hakukusudia. "Kwa nini mtoto umekaa na jambo kama hili, nyumba nzima tunashukiana?"

"Nikwambie vipi?" Tahiya sasa alikuwa analia waziwazi. "Si weye uliyekuwa ukinisikiliza?"

Neno hilo lilimkata Mwanakheir. Kwa sababu ilikuwa kweli. Alipokuwa Tahiya anahifadhi Msahafu, kila alasiri alikaa mbele ya mama yake akasoma kwa moyo, na mama akafuata kwa kidole, na akikosea humrudisha. Matunda yakaonekana. Basi ilipofika mitihani ya skuli, mwalimu wa tuisheni akatoa kitabu cha majibu ya miaka kumi na tano, na Mwanakheir, akiwa na furaha ya kuwa na kazi katika elimu ya mwanawe, akasema, tutafanya kama tulivyofanya. Miaka miwili, kila alasiri, mtoto akisoma hisabati kwa moyo, mstari kwa mstari, na yeye akifuata kwa kidole alama asizozijua. "Umeruka mstari," humwambia. "Rudi juu." Na mtoto hurudi juu. Ya Mungu hayabadiliki, ndiyo maana yanahifadhiwa. Namba za watu zinabadilika kila siku, na yeye hakulifikiri hilo hata mara moja.

Alikuwa ameshuku chuo, mwalimu, jirani na mtoto wa jirani. Mtu mmoja tu hakumshuku.

Ijumaa asubuhi alimweleza Shaame huku akijifunga mtandio. Shaame akatia kikombe chini.

"Na Bashira?"

"Bashira nitamwambia mie."

"Atakata ada, Mama Tahiya. Akisema, amesema."

"Atakata. Na mtoto akidisko, atalipa nini?"

Shaame akafikiri, kisha akaenda zake kazini asiseme neno, na kwa Shaame hiyo ilikuwa ruhusa.

Chuoni waliwekwa kwenye benchi kwa saa nzima. Karani aliwapita mara tatu na kila mara akawaambia mwalimu yupo njiani. Saa nne na nusu ndipo wakaitwa. Mwalimu wa Maandalizi alikuwa mwanamke kijana, anaitwa Ulfat, miwani mikubwa, meza imejaa karatasi za watu. Mwanakheir akajiona mkubwa kwake kwa miaka ishirini, lakini aliyekuwa amesimama ni yeye.

"Shikamoo, Mama. Kaeni," akasema Ulfat, na kiti kilikuwa kimoja. Mwanakheir akakaa, Tahiya akabaki wima.

Ulfat akaifunua fomu yenye mikunjo minne. Akasoma, akatoa miwani, akamtazama Tahiya.

"Thalathini na nane."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Darasa langu wanakuja waliopata kumi, kumi na tano. Wewe unatafuta nini kwangu?"

"Nataka kuanza mwanzo."

"Kila mwaka nawapata wa namna yako. Anajua kila kitu, anakuja Maandalizi kupata A ya bure, muhula mzima analala, wastani wake unapanda. Nafasi nilizonazo ni sitini, na wanaozihitaji ni themanini. Siwezi kumpa nafasi mtu wa kutafuta wastani."

"Sitafuti wastani, Mwalimu."

"Basi nionyeshe usichokijua." Ulfat akaandika kitu kwenye karatasi, akaisukuma. "Fanya."

Tahiya akainama juu ya meza. Kalamu ikakimbia. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tano, wa nane, jibu, mistari miwili chini ya jibu. Haikufika dakika mbili. Ulfat akaangalia, akatingisha kichwa, akatoa kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi.

"Sahihi kabisa. Hata wanangu wa mwaka wa pili hawaandiki vizuri hivi. Mama, mchukue binti yako mumpeleke Hisabati ya Kwanza, bado nusu saa ofisi haijafungwa."

Akamrudishia fomu. Tahiya akaipokea. Mwanakheir aliona kuwa mtoto yuko radhi kuondoka, kwamba afadhali akadisko kuliko kusema neno moja zaidi mbele ya mtu huyu. Na yeye mwenyewe, tusimsingizie, kwa kitambo kidogo aliona raha. Sahihi kabisa, kaambiwa mwanawe, mbele ya macho yake. Angeweza kwenda nalo neno hilo mpaka Maskati.

"Mwalimu," akasema. "Mnyang'anye kalamu."

"Vipi, Mama?"

"Mnyang'anye kalamu, umuulize. Asiandike, aseme. Muulize kwa nini."

"Mama!" akasema Tahiya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

Ulfat akamtazama mama, akamtazama binti. Akaivuta ile karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Hapa. Alama ilikuwa inatazama kulia, kubwa kuliko. Hapa chini umeigeuza ikatazama kushoto, ndogo kuliko. Ni sawa, inageuzwa. Kwa nini imegeuzwa?"

"Kwa sababu tumegawanya kwa namba hasi."

"Nakubali. Na kwa nini ukigawanya kwa hasi ugeuze?"

Tahiya akautazama ule mstari wa nne. Nje watu walikuwa wanapita wakicheka.

"Ndivyo inavyokwenda," akasema.

"Nani kasema?"

"Majibu ya mwaka elfu mbili na kumi na sita. Swali la nane."

Ulfat hakucheka safari hii. Akageuza karatasi, akabadilisha namba mbili na kuongeza mabano, akauliza mstari wa kwanza utakuwaje. Tahiya akazifuata namba kwa kidole.

"Sijui," akasema.

Lilitoka kwa taabu. Mwanakheir alimjua mwanawe miaka kumi na tisa, na hakukumbuka kulisikia neno hilo mdomoni mwake mbele ya mwalimu yeyote. Alitaka kumshika mkono, akaona si pahala pake.

"Muhula mmoja unazidi," akasema Ulfat, sasa akimwambia Mwanakheir, na sauti imelegea. "Mnaliweza hilo?"

"Tutaliweza au hatutaliweza. Nipe kalamu."

Akatia saini. Jina lake lote, herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasa la saba.

Nje, kwenye lile benchi, alimpigia Bashira kabla hajapata muda wa kuogopa. Bashira akapokea, nyuma yake sauti ya televisheni.

"Enhe. Kaingia darasa gani?"

"La chini."

"Nilijua! Nilijua kuna kitu mnanificha!"

"Nakufunulia, wifi. Ile A haikuwa ya kujua, ilikuwa ya kuhifadhi. Na aliyemhifadhisha mie, si mtoto. Yeye hakumdanganya mtu, sisi ndio tuliokuwa hatutaki kusikia."

Kule Maskati televisheni ikazimwa.

"Na mie watu niwaambie nini?"

"Waambie anasoma."

"Anasoma nini, Mwanakheir? Waliofeli wanasoma nini?"

"Anaanza mwanzo."

Sauti ya Bashira ikaja, kavu.

"Mwaka huu nshaulipia, sirudishi mkono. Huo muhula wa nyongeza msinitazame."

"Hatukutazami."

"Na injinia msimwite tena injinia mpaka awe." Akakata.

Mwanakheir akaitia simu mkobani. Tahiya, aliyekuwa kasikia kila neno, akasema taratibu, "Ungemwambia tu kuwa la juu limejaa."

"Ningeweza."

Wakaondoka, wakanunua muhogo wa kuchoma njiani, maana hakuna aliyekuwa amekula tangu asubuhi. Muhula wa nyongeza ulikuwa na gharama yake, na Mwanakheir alikwenda akiigawa kichwani kwa kofia ngapi na mafriji mangapi, na kila akiigawa ilikuwa nyingi.

Jumatatu, baada ya alasiri, Tahiya alirudi kutoka kipindi cha kwanza. Mwanakheir alimngoja avue baibui, anywe maji. Kisha akakaa naye ukumbini pale pale walipokuwa wakikaa miaka yote, lakini hakuomba daftari.

"Wamekusomesheni nini?"

"Zile hasi." Tahiya alikunja miguu. "Kasema tusiandike, tutazame ngazi. Mtu akishuka vidato vitatu, na mwenzake vidato viwili, nani yuko juu?"

"Aliyeshuka viwili."

"Ehee. Kupanda, wa vitatu ndiye aliye juu. Kushuka, wa vitatu ndiye aliye chini. Kwa hiyo ukigeuza kupanda kuwa kushuka, aliyekuwa mkubwa anakuwa mdogo. Ndiyo maana alama inageuka."

Mwanakheir alilitafakari. Lilikuwa jambo la maana na alilifahamu, na kwa kuwa alilifahamu akaanza kulishuku.

"Na ukizidisha hasi kwa hasi? Mbona wanasema inarudi juu? Mtu kashuka, halafu kashuka tena, atajikutaje juu? Kwa nini?"

Tahiya alifumbua mdomo haraka, kwa mazoea, kama mtu mwenye jibu tayari. Kisha akaufumba. Akatazama dari, vidole vyake vikapanda na kushuka juu ya goti, vikapanda tena.

"Kwa nini?" akauliza tena Mwanakheir.

"Ngoja basi, Mama," akasema Tahiya kwa hasira kidogo. "Nafikiri."

Mwanakheir akangoja.